Kila Gramu Ina Mwenyewe: Wenye Droni Wanataka Nini Kwenye Kamera Zijazo?

Jua linakaribia kuzama, mwanga umegeuka rangi ya asali, droni iko mita 60 juu ya maji inarekodi. Mara wingu linapita mbele ya jua na picha inafifia. Hapo una njia mbili. Unaweza kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na kuzikubali chengachenga zitakazokuja, au uishushe droni, utoe ile filta nyeusi iliyobanwa mbele ya lenzi, uweke nyepesi zaidi, kisha urushe upya. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi mno. Filta ni ndogo kama kifungo cha shati, vidole vina haraka, kamera inayumba kila ukiigusa kwa sababu imening'inia kwenye mikono yake myembamba, na ukiacha alama ya kidole kwenye kioo utaigundua usiku ukiwa mbele ya kompyuta. Droni inaporudi pale ilipokuwa, wingu limeshapita. Sasa filta uliyoweka ni nyepesi kupita kiasi na anga yote imekuwa nyeupe.

Ukiwauliza wenye droni wangependa kamera ijayo iboreshwe wapi, hutapata jibu moja. Mpiga picha wa harusi anataka kihisi kikubwa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kinachoona vizuri magharibi ikiingia. Mpima ardhi hana haja na urembo, anachotaka ni picha ambayo ukuta ulionyooka umebaki umenyooka. Anayefuatilia wanyama anataka lenzi ya kuvuta mbali. Anayepanda milima na droni mgongoni anataka vyote hivyo, mradi visizidi gramu 249. Hakuna anayedai jambo lisilo na maana. Tabu ni kwamba wote wananyoosha mkono kwenye sahani moja, na sahani hiyo ni uzito.

Na kuna jambo ambalo wengi walioingia kwenye droni miaka ya karibuni hawalijui: sehemu kubwa ya wanachokiomba kiliwahi kuwepo. Kiliondolewa ili droni ipungue.

Kilichopunguzwa njiani

Phantom ya kwanza ya kampuni ya DJI ilitoka Januari 2013 bila kamera. Ulifunga kamera yako ndogo ya GoPro tumboni mwake, ukairusha, ukasubiri ishuke ndipo ujue ulichopata. Ombi la watu wakati ule lilikuwa jepesi kulieleza: waone kamera inachoona, na picha iache kutikisika. Gimbali, yaani ile mikono yenye mota ndogo zinazoiweka kamera sawa hata droni ikiyumba, ndiyo iliyojibu ombi la pili.

Mwaka 2016 ikaja Phantom 4 Pro. Hii ilikuwa na kihisi cha inchi 1, tundu la lenzi linaloweza kufunguliwa na kubanwa kati ya f/2.8 na f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na shata ya mitambo, kile kipazia halisi kinachofunguka na kufunga mbele ya kihisi. Ilikuwa na gramu 1,388.

Ruka mpaka 2025. Mini 5 Pro ya kampuni hiyohiyo ina kihisi cha ukubwa uleule wa inchi 1 ndani ya mwili wa takriban gramu 250. Uzito umeshuka zaidi ya mara tano, na hilo ni jambo la kustaajabisha kihandisi. Lakini shata ya mitambo haimo, na tundu la lenzi limebaki wazi pale lilipo, halibanwi. Vitu hivyo viwili vina vipande vinavyosogea, vina mota zake, vinataka nafasi. Kwenye droni ndogo vilikuwa vya kwanza kutupwa, na ndivyo vinavyoongoza orodha ya maombi ya watu wanaofanya kazi na droni kila siku.

Kwa nini uzito una nguvu hivi? Fizikia kwanza. Nguvu ya kuifanya droni ielee mahali pamoja hupanda haraka kuliko uzito wenyewe. Kwa propela zilezile, ukiongeza uzito kwa asilimia 10, nguvu inayohitajika hupanda kwa takriban asilimia 15. Utasema basi iongezwe betri. Betri nayo ina uzito, kwa hiyo sehemu ya umeme uliouongeza inaliwa na kazi ya kuibeba betri yenyewe. Upande wa kamera hesabu ni ngumu vilevile: kihisi kikubwa kinadai lenzi kubwa, lenzi kubwa inadai gimbali yenye mota zenye nguvu, gimbali hiyo inadai miguu mirefu zaidi isiburuzike chini. Ongezeko la milimita chache kwenye kihisi linaishia kuwa droni nyingine kabisa. Inspire 3, droni ya filamu yenye kihisi kikubwa kama cha kamera za kitaalamu za mkononi, milimita 36 kwa 24, inakaribia kilo 4.

Kisha sheria. Katika Umoja wa Ulaya, droni iliyo chini ya gramu 250 inaingia daraja la C0, na mrushaji hatakiwi kufanya mtihani, ingawa lazima ajisajili kama droni ina kamera. Chini ya gramu 900 ni C1. Mavic 3 ilikuwa na gramu 895, na hizo gramu tano za akiba hazikuja kwa bahati. Mavic 4 Pro ya 2025, ambayo kamera yake imekua na kuongezewa lenzi, ina gramu 1,063, hivyo imeangukia C2, daraja linalodai mtihani wa ziada kama unataka kuruka jirani na watu, la sivyo ukae mbali na makazi. Uingereza nayo, tangu Januari 2026, imeteremsha kiwango cha kufanya mtihani wa msingi hadi gramu 100. Kwa hiyo unapoona mtu analalamika kwamba kampuni "imekataa" kuweka tundu la kubanwa kwenye droni ndogo, mara nyingi iliyokataa ni mizani.

Mwanga ukizidi

Turudi kwenye ile filta, maana hapa ndipo ninapoona ombi lenye haki kuliko yote.

Video yenye mwendo unaoonekana wa kawaida hutaka kila fremu ipigwe kwa nusu ya muda wake. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata iwe sekunde 1/50. Ikiwa fupi mno, kila fremu inakuwa kali kama kisu na mwendo unadundadunda, hasa droni inaporuka chini karibu na miti.

Sasa chukua kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu: jua likiwa kali, tundu la f/16 na ISO 100, shata inakuwa karibu sekunde 1/100. Droni yako ina tundu lisilobanwa la f/2.8. Kutoka f/16 hadi f/2.8 ni hatua tano, na kila hatua inaongeza mwanga maradufu, yaani mara 32. Shata inabidi ikimbie hadi 1/3200. Wewe unaitaka 1/50. Mwanga umezidi mara 64, na ndiyo maana kwenye mkoba wa kila anayerekodi video kwa droni kuna filta iliyoandikwa ND64. Ni miwani ya jua ya kamera: inapunguza mwanga bila kugusa rangi. Kasoro yake ni kwamba haibadiliki ukiwa angani, wakati mawingu na jua hubadilika yanavyotaka.

Wengi husema dawa ni kurudisha tundu la kubanwa. Nakubaliana nao nusu. Mavic 3 na Mavic 4 Pro wanalo, na linasaidia sana. Ila kwenye kihisi kidogo kubana kuna kikomo chake. Mwanga ukipita kwenye tundu jembamba husambaa badala ya kutua kwenye nukta moja. Katika f/11 nukta hiyo inasambaa kwa upana wa karibu mikroni 15, na pikseli moja ya kihisi cha inchi 1 chenye megapikseli 20 ina mikroni 2.4 tu. Picha inalegea. Unaokoa mwanga, unapoteza ukali wa majani na mawe.

Kinachotakiwa hasa ni filta iliyomo ndani ya kamera, ambayo weusi wake unabadilika kwa umeme ukiwa umeshika rimoti. Teknolojia hiyo si ndoto. Kamera ya video ya Sony FX6 ya mwaka 2020 inayo: kioo kinakoza au kufifia taratibu unapozungusha gurudumu, na usipokihitaji kinasogezwa kando. Ugumu ni huko "kusogezwa kando". Kwenye kamera ya mkononi nafasi ipo. Kwenye kamera ya droni ambayo yote inaenea kwenye kiganja, nafasi ya kukifichia kioo ni karibu sawa na nafasi ya kamera nzima. Hata hivyo, ningeambiwa nichague kati ya kuongezewa megapikseli maradufu na kupewa filta hiyo hata ya hatua tatu tu, nisingesita.

Mwanga ukipungua

Gizani mambo yanageuka. Hapa ukubwa wa kihisi ndio unaotawala, na majina ya vihisi yanapotosha. "Inchi 1" haina maana kwamba kihisi kina inchi moja popote. Jina limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za televisheni za zamani, ambako inchi zilihesabiwa kwa unene wa nje wa mrija. Vipimo vya kweli ni hivi: kihisi cha 1/2.3, kilichojaa kwenye droni za awali, kina eneo la milimita za mraba 28 hivi. Cha inchi 1 kina 116. Cha 4/3, kama cha Mavic 3, kina 225. Kwa lenzi zenye f ileile, kutoka cha kwanza hadi cha pili unapata mwanga mara nne, na hadi cha tatu mara nane. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho kwenye kivuli cha ukuta au maji ya usiku: kimoja kinatoa weusi uliotulia, kingine kinatoa weusi unaochemka.

Kuhusu megapikseli, tahadhari. Vihisi vingi vinavyotangazwa kuwa na megapikseli 48 au zaidi vimepangwa hivi: pikseli nne jirani zinakaa chini ya kipande kimoja cha rangi. Usiku zinaunganishwa zote nne kuwa moja, na unapata megapikseli 12 zenye mwanga mzuri. Mchana zinatenganishwa kwa hesabu za kompyuta. Ni mpango mzuri, lakini hauleti undani mara nne kama namba inavyodokeza. Ni afadhali megapikseli 20 ambazo kila pikseli ina kipande chake cha rangi.

Wanaoruka usiku wana ombi jingine linalofuatana na hili. Kamera za kukwepa vizuizi nazo ni macho, na gizani hazioni. Air 3S ya mwaka 2024 iliwekewa LiDAR mbele, kifaa kinachopima umbali kwa miali ya leza, na hilo limewapa watu ujasiri. Wanataka lienee pande zote. Nalo pia lina gramu zake.

Mpima ardhi hataki unachotaka wewe

Huu ndio mvutano ninaoupenda kuueleza, kwa sababu unaonyesha kwamba "kamera bora" peke yake ni maneno matupu.

Shata ya kielektroniki haifungi kitu. Kihisi kinasomwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na usomaji huo unachukua muda. Tuseme ni milisekunde 30. Droni ya upimaji inaenda mita 10 kwa sekunde. Kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho, imeshasogea sentimita 30. Kwa kihisi cha inchi 1 chenye megapikseli 20 na lenzi ya milimita 8.8, kwenye urefu wa mita 100 kila pikseli inabeba takriban sentimita 2.7 za ardhi. Gawanya: picha moja ina kosa la pikseli 11 kati ya juu na chini. Anayeiangalia kwenye simu hataona lolote. Mpimaji anayeunganisha mamia ya picha zilizopishana ili kutengeneza ramani atalipata kosa hilo kwenye kingo za mapaa na kwenye hesabu ya ujazo wa kifusi. Programu za kuunganisha ramani zinajaribu kulirekebisha kwa kukisia mwendo wa droni, lakini kukisia si kupima. Kwa shata ya mitambo ya sekunde 1/1000, droni inasogea sentimita moja tu, chini ya nusu ya pikseli.

Basi mpimaji anaomba shata ya mitambo irudi kwenye droni za bei ya kawaida, si kwenye matoleo ya kikazi peke yake kama Mavic 3 Enterprise. Na anaomba jambo ambalo mrekodi filamu angeliona la ajabu: lenzi isisogee kabisa. Hataki zumu. Hataki programu inayonyoosha picha kimyakimya kabla hajaiona. Kila lenzi inaposogea, vipimo vyake vya ndani vinabadilika, na ramani inategemea vipimo hivyo. Kinachomfurahisha mwingine kwake ni uchafu kwenye data.

Anayerekodi wanyama yuko upande wa pili kabisa. Anataka lenzi ndefu, kwa sababu droni ikikaribia, mnyama anakimbia na filamu inaisha pale pale. Mavic 3 Pro ilileta lenzi tatu, ya mwisho ikiwa sawa na lenzi ya milimita 166 kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Sawa, lakini lenzi ndefu inakuza na mtikisiko. Gimbali ikikosea kwa sehemu ya kumi ya digrii, kwenye lenzi pana ya milimita 24 picha ya 4K, yenye upana wa pikseli 3,840, inasogea pikseli kama tano. Kwenye ya milimita 166 inasogea zaidi ya 30. Ndiyo maana wenye droni hizo hawaombi lenzi ndefu zaidi. Wanaomba gimbali tulivu zaidi, na kihisi kikubwa zaidi nyuma ya ile lenzi ndefu, kwa kuwa mara nyingi lenzi kuu ndiyo hupewa kihisi kizuri na nyingine huambulia kidogo.

Picha ya kusimama, anga na rangi

Watu wa video za simu wanaomba kamera inayogeuka wima. Hili linaeleweka ukifanya hesabu: ukikata kipande cha kusimama kutoka kwenye video ya 4K iliyolala, unabaki na upana wa pikseli 1,215 kati ya 3,840. Zaidi ya theluthi mbili ya picha imetupwa. Mini 3 Pro ya 2022 ililijibu kwa kuigeuza kamera yote digrii 90, na kwa maoni yangu kila droni ndogo ingepaswa kufuata.

Kuna wanaoamini kamera ya pande zote ndiyo mwisho wa ubishi, kwamba unarekodi kila upande na kuchagua baadaye. Inapendeza, na kwa wanaoruka peke yao inapunguza mzigo mkubwa wa akili. Ila video ya pande zote ya 8K ina pikseli 7,680 za kuzunguka duara lote, hivyo ukichagua robo ya duara unapata 1,920 tu. Ni kama kurudi miaka kumi nyuma kwa ukali, ili upate uhuru.

Rangi nitaigusa tu. Video ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, ya biti 10 ina 1,024. Anga la buluu linalofifia kuelekea upeo wa macho linatumia sehemu ndogo tu ya ngazi hizo; zikiwa chache, unaona mistari kama ya ngazi za nyumba, na hakuna programu ya kuhariri itakayoziziba vizuri. Biti 10 zimeshuka hadi kwenye droni ndogo, na hilo ni jambo jema lililofanyika bila kelele.

Je, kamera ya kubadilisha?

Ombi linalorudi mara kwa mara ni hili: droni moja ndogo, kamera tofauti za kuchomeka. Leo shata ya mitambo, kesho lenzi ndefu. Droni kubwa za filamu kama familia ya Inspire zimekuwa nalo kwa miaka. Kwenye ndogo, kiungo chenyewe cha kuchomekea, chenye nyaya za picha na umeme na kinga ya vumbi, kina uzito usiopiga picha yoyote. Halafu kila kamera ina mizania yake, na gimbali inayobeba gramu chache haisamehe tofauti. Mimi bado nalitaka. Nadhani kwa droni za daraja la C2, ambako hakuna anayehesabu gramu moja moja, lingewezekana na lingewapa wapimaji na warekodi filamu mwili mmoja badala ya kununua droni mbili.

Ukisubiri toleo lijalo, jua kwamba namba inayowahusu wengi, muda wa kukisoma kihisi kutoka juu hadi chini, ni adimu kwenye karatasi ya sifa za droni. Megapikseli zitaandikwa kwa herufi kubwa, muda huo hautaandikwa. Unaweza kuukadiria mwenyewe. Simamisha droni mbele ya nguzo iliyonyooka, rekodi 4K, kisha izungushe kwa kasi unayoijua, tuseme digrii 60 kwa sekunde. Simamisha video na utazame nguzo. Kamera inayosoma kwa milisekunde 20 itailaza nguzo kwa zaidi ya pikseli 50 kutoka juu ya fremu hadi chini, kama mtu aliyeegemea ukuta. Inayosoma kwa milisekunde 5 italaza kama 13, na jicho halitaona kitu. Fanya hivyo kwa droni uliyonayo leo, andika namba, na ile mpya ikitua mikononi mwa rafiki, mwombe dakika tano na nguzo ileile.